GOTI LA MTOTO WA MFANYAKAZI

Ndugu wafanyakazi,

Vénuste Niyongabo alipoipatia Burundi medali ya dhahabu ya mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, sote tulishangilia. Lakini ni nani anayeangalia magoti ya watoto wetu wanaocheza mpira hapa Rumonge, kwenye mchanga wa ziwa na kati ya michikichi?

Mtoto si mtu mzima mdogo. Ncha za mifupa yake bado ni laini; msuli wa paja ukivuta mno, chini ya goti huvimba na kuuma. Akichechemea twamwita mvivu, au twamkanda kwa mafuta na kumrudisha uwanjani. Kumbe dawa yake ni kupumzika na mazoezi ya kipimo.

Huko Marekani mtaalamu wa viungo akiisha kuhitimu aweza kuongeza mwaka mzima chini ya wakubwa wake, akishughulikia wanamichezo vijana tu. Nasi tudai hivyo. Serikali iwaombe wenzetu wa hospitali ya KCMC, Moshi, wenye shule ya tiba ya viungo, wawapokee wataalamu wetu hata wawili, kisha warudi kufundisha wengine.

Wapo watakaosema michezo ni anasa. Sivyo! Goti hilohilo ndilo kesho litakalobeba mikungu ya mawese. Chama kilipeleke dai hili kwa Serikali na kwa waajiri.

Umoja ni nguvu!