Kambi ya ziwani: tuhesabu kwanza wanaojua kuogelea



Habari ya kambi ya mafinalisti imezunguka shule nzima. Hata wadogo wa kilasi ya kwanza wanaizungumza kwenye laini asubuhi. Katika mkutano wa Jumamosi iliyopita makelele yalikuwa mingi, na aliyesikilizwa ni yule mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo mimi kapita wenu nimeona ni vema niandike mawazo yangu hapa, ili kila mtu asome polepole na kupima mwenyewe.

Mambo ilianza hivi. Mwenzetu mmoja alituonyesha katika telefone yake video ya vijana wanaosimama juu ya ubao na kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Mchezo huo unaitwa serfu. Tangu siku ile hakuna tena masomo katika vichwa vyetu, ni mawimbi tu. Mkutano ukagawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza linataka kwenda mpaka bahari. Kundi la pili linataka tufanye kambi ya siku tatu hapa pembeni ya ziwa letu, nje kidogo ya Kalemie, na tupande mawimbi yetu wenyewe kwa mbao tutakazochonga. Kundi la tatu linasema mchezo huo ni wa wazungu, wanafunzi wa shule ya kanisa wabaki nyumbani.

Nianze na hao wa tatu. Ndugu, mchezo huu si wa wazungu. Watu wa visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, waliucheza muda mrefu kabla wazungu hawajafika kwao. Na hapa Afrika, kwenye pwani ya nchi inayoitwa leo Ghana, msafiri mmoja wa Ulaya aliandika katika miaka ya 1640 namna alivyoona watoto wakijifunza kuogelea juu ya mbao. Basi tusikatae kitu kwa kudhani ni cha wageni.

Kwa kundi la kwanza nasema: bahari ya Kongo iko Muanda, mbali sana, ng'ambo ya pili ya nchi. Pwani yetu yote ni ya kilometa 40 hivi tu. Kutoka hapa mpaka kule ni kuvuka Kongo nzima, na pesa ya safari hiyo ingelipa minervali ya wanafunzi wengi. Wazazi wetu wanauza ndagala na bunga ili tufike kwenye Examen d'État. Tusiwaombe bahari.

Hivi mimi niko na kundi la pili. Tunalo ziwa. Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kwa kina ni la pili duniani, mita 1.470. Mawimbi yako. Kila mtu wa hapa anajua namna ziwa linavyonguruma wakati wa kiangazi. Sababu yake ni wazi: ziwa limelala kutoka kusini mpaka kaskazini, na upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, basi unakimbia juu ya maji safari ndefu bila kizuizi, na kadiri unavyokimbia ndivyo wimbi linavyokua. Lakini wimbi la ziwa si kama lile la video. Lile la bahari linaweza kutoka kwenye dhoruba ya mbali sana, linafika likiwa limejipanga, moja moja, na nafasi kati yao. La kwetu ni fupi, linafuatana haraka, linakupiga kabla hujapata pumzi. Tena maji yetu hayana chumvi, na maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu sawa na maji ya bahari. Ndiyo kusema, kwetu kujua kuogelea kunahitajika zaidi, si kidogo.

Na hapo ndipo shida yetu iko. Katika mkutano niliuliza: nani anajua kuogelea? Karibu mikono yote ikapanda juu. Mmoja akapiga kelele: "Kapita, siye batoto ba ziwa, maji haituwezi!" Watu wakacheka. Siku ya Jumatatu, mwalimu wa michezo akatupeleka ziwani, akasimamisha miti miwili pale maji yanapofika kifuani, akasema kila aliyeinua mkono aogelee kutoka mti huu mpaka ule bila kugusa chini. Sitataja majina. Lakini wengi wa wale wenye mikono juu waligusa chini kabla ya nusu ya njia, na wengine hawakuingia kabisa, wakasema wamesahau culotte ya michezo.

Sasa niseme langu, ili mtu asidhani ninacheka wengine. Mimi mwenyewe siku ya mkutano sikuinua mkono. Nina miaka kumi na minane, nimezaliwa hapa, na sijui kuogelea. Mwaka jana, siku ya sikukuu ya vijana, mdogo mmoja wa shule yetu aliingia majini mbele yangu. Maji yalikuwa magotini, kisha akapiga hatua moja tu, chini pakakatika, akapotea. Nilikuwa nimeshika viatu vyake mkononi. Nilipiga kelele, ndiyo kazi niliyoiweza. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu wake alitupa mtumbwini kipande cha kamba kilichofungwa kwenye bidoni tupu, akapiga kasia mara chache, akamtupia, mtoto akashika. Leo anasoma, anacheza mpira. Lakini mimi bado ninaviona viatu vile.

Kwa hiyo wanaoniambia "Kapita, unaogopa maji", ninajibu: ndiyo, ninaogopa, na nina sababu. Desemba 2014 boti Mutambala ilizama katika ziwa hili hili, na watu zaidi ya 120 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama katika ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na watu waliokuwa pwani waliona kwa macho yao. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba watu 300.000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na Afrika ndiyo inayoumia kupita mabara mengine. Shirika hilo hilo linashauri watoto wa shule wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Sisi tunafundishwa hesabu, kemia na dini, tena ni vizuri, lakini ziwa liko mbele ya dirisha la kilasi na hakuna anayetufundisha.

Tusome Matendo ya Mitume sura ya 27. Mtume Paulo alikuwa mfungwa katika merikebu yenye watu 276. Ilipopasuka karibu na kisiwa cha Malta, askari walitaka kuwaua wafungwa ili wasikimbie. Mkubwa wao alikataa. Akafanya mpango: wanaojua kuogelea watangulie kujitupa majini na kufika inchi kavu, na wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Wote wakaokoka. Angalieni vizuri: mtu yule aliwagawa watu kwanza kwa kadiri ya wanavyojua maji, kisha akawapa mbao wale wasiojua. Hakusema "tuombe tu". Wala hakusema "wote wajitupe". Ninaamini Mungu aliwaokoa, na aliwaokoa pamoja na mpango.

Hata bingwa wa mchezo wenyewe anatufundisha hivyo. Duke Kahanamoku wa Hawaii, aliyetangaza serfu katika nchi nyingi, kwanza alikuwa mwogeleaji: alishinda medali ya zahabu ya kuogelea katika michezo ya Olimpiki ya 1912 na ya 1920. Mwaka 1925, kule California, boti ya wavuvi ilipinduliwa na mawimbi. Yeye akachukua ubao wake, akaingia mara kwa mara, akatoa watu 8 wazima. Ubao ule ule wa kucheza ukawa mtumbwi wa wokovu. Lakini ubao peke yake hauokoi mtu. Aliyeokoa ni yule aliyejua maji.

Basi, mapendekezo yangu kwa kamati ya kambi, kwa Bwana Prefe na kwa walimu ni haya.

Kwanza, kambi iwe baada ya Examen d'État, na kuanzia sasa kila Jumatano mchana tujifunze kuogelea pamoja na mwalimu wa michezo, ndani ya ghuba ndogo yenye mchanga, mahali ambapo wavuvi wenyewe watatuonyesha. Tusiingie kwenye mdomo wa mto wala kwenye manyasi: huko ndiko mamba na kiboko wanakopenda, na maji yaliyosimama yana konokono wa kichocho.

Pili, tuandike liste mbili bila haya: wanaojua na wasiojua. Katika kambi, kila anayejua apewe mwenzake mmoja asiyejua, na wawili hao waingie na kutoka pamoja. Asiyeweza kufika kutoka mti mpaka mti hatapanda ubao, hata akiwa kapita.

Tatu, wasichana wawe katika liste pia. Nimesikia wengine wanasema wasichana watabaki kupika bukari na sombe. Ni nani anayeenda ziwani kila asubuhi na bidoni kichwani? Ni dada zetu. Wao ndio wanaokanyaga maji kila siku, na ndio tunaotaka kuwanyima somo! Mama mwalimu mmoja amekwisha kubali kuwasimamia, na kupika kutagawanywa kwa wote.

Nne, kila siku watu wawili wabaki pwani bila kucheza, na kamba ndefu pamoja na bidoni tupu zilizofungwa vizuri. Mtu akizama, tusimrukie mikono mitupu, maana anayezama anamshika mwokozi na kumzamisha naye. Tumtupie kitu. Na upepo ukitoka milimani kwenda ziwani, mbao zote zitoke majini, kwa sababu upepo huo unampeleka mtu ndani, ubao chini yake, na nguvu zake haziwezi kurudi.

Tano, mchango uwe ule ambao mwenzetu aliye maskini kuliko wote anaweza kutoa. Mahema ya kukodi si lazima. Bashi na miti zinatosha, na bunga kila mtu ataleta kutoka kwao. Tusifanye kambi ya watoto wa matajiri kisha tuiite kambi ya shule.

Najua wengine watasema kapita ameua furaha yetu kwa masharti. Hapana. Ninaitaka kambi hii kuliko ninyi. Nataka kuamka asubuhi na kuona jua likitoka upande wa Tanzania, juu ya maji. Nataka kulala juu ya ubao nilioranda kwa mikono yangu, wimbi linisukume mpaka mchangani, na ninyi mnicheke nikianguka. Lakini nataka tutakaporudi tuhesabiwe mlangoni, na hesabu iwe ile ile ya siku ya kuondoka.

Jumatano hii, saa tisa, tukutane penye miti miwili. Liste ya wasiojua imekwisha kuanza. Jina la kwanza ni langu.

Wenu katika kazi ya shule,
Kapita wa wanafunzi, kilasi ya mwisho