HERUFI ZA MADAHA ZATUPONZA

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii niliielewa vyema muhula uliopita, nilipokaa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya karo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama alichukua fomu ya basari katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Fomu ilikuwa imechapwa kwa herufi za mlazo, zilizojipinda kama za kadi ya harusi, kisha ikatolewa kopi mara nyingi hadi wino ukafifia. Siku ya mwisho ya kuirudisha ilikuwa tarehe 13. Mama akasoma 18. Alipofika tarehe 17 akihema, akaulizwa, "Kwani mama hukusoma?" Jamani! Alikuwa amesoma.

Ndugu msomaji, kompyuta imetuletea fonti, yaani aina za herufi, nyingi ajabu, nasi twazitumia zote kama mtoto aliyepewa rangi. Hata hapa shuleni nimewahi kuhesabu fonti tano katika tangazo moja la mkutano wa wazazi!

Kwa maoni yangu, fonti mbili zatosha: moja ya vichwa, nyingine ya maelezo. Tena zitofautiane waziwazi, maana zikikaribia kufanana, msomaji hudhani umekosea tu. Kwa mfano, vichwa viwe vya Arial, ambayo haina vijimkia, kwa wino mzito. Maelezo yawe ya Times New Roman, saizi 12. Hii iliundwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ambalo lilianza kuitumia mwaka wa 1932. Gazeti lina safu nyembamba na herufi ndogo, lakini watu husoma. Basi haikuundwa kuwa pambo, iliundwa kufanya kazi.

Wapo watakaosema ati ujumbe ndio muhimu, si herufi. Sawa, lakini ujumbe usiosomeka ni ujumbe gani?

Nawasihi makarani, walimu wetu, na sisi wanachama tunaotayarisha matangazo: kabla ya kutoa kopi mia moja, chapeni moja kwanza. Mpeni mzee yeyote asome tarehe na kiasi cha pesa kwa sauti. Akikwama, badilisheni herufi, msimlaumu mzee.

Mama yangu hakukosa macho. Alikosa herufi za kusomeka.