Slaidi siyo gazeti, bosi!

Leo nawapa siri za kazi inayonilisha, maana kila nikisema natengeneza slaidi watu hunitazama kama nimesema nauza upepo. "Hiyo nayo kazi? Si PowerPoint tu?" Ndiyo, PowerPoint tu, na ndiyo inayolipa kodi ya chumba changu.

Wateja wangu ni mabosi wanaokwenda kuomba pesa kwa wafadhili, watu wanaosaka tenda, na wanachuo wanaotetea utafiti wao kesho asubuhi. Karibu wote hutuma kazi usiku kwa WhatsApp, slaidi 60 zilizoshonana maneno kama daladala ya Mbagala saa 12 jioni, na ombi ni moja: "Zipambe-pambe basi." Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana kazi yangu kubwa ni kupunguza.

Mtu hawezi kusoma aya huku anakusikiliza. Ukimwekea aya nzima ukutani ataisoma, na wewe unayeongea utabaki kama redio ya jirani. Kwa hiyo slaidi moja, jambo moja. Na kichwa chake kiwe sentensi inayosema jambo lenyewe. Usiandike "Mauzo". Andika "Mauzo yameshuka tangu Machi", ili hata aliyekuwa anasinzia akizinduka ajue mmefika wapi.

Msidhani nazungumzia urembo. Mwaka 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kikirudi duniani na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Kilipokuwa bado huko juu, wahandisi waliwaonyesha wakubwa wa NASA slaidi kuhusu kipande cha povu gumu kilichogonga bawa wakati wa kuruka. Habari nzito, kwamba kipande hicho kilikuwa kikubwa zaidi ya mara 600 kuliko vile vilivyowahi kujaribiwa, ilikaa chini kabisa kwa herufi ndogo, na kichwa cha juu kilikuwa cha kutuliza roho. Tume iliyochunguza ajali iliitaja slaidi hiyo kwenye ripoti yake. Sisemi slaidi ndiyo iliyotoboa bawa, lililotoboa ni povu. Ila waliotakiwa kushtuka hawakushtuka.

Turudi mjini. Guy Kawasaki, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Apple, alishauri mwaka 2005: slaidi 10, dakika 20, herufi saizi isiyopungua 30. Hiyo 10 huwa siifuati sana, lakini 30 nimeing'ang'ania. Kumbi zetu nyingi zina projekta zilizochoka na mapazia mepesi, ukiweka kijivu juu ya nyeupe umeandika hewa. Njano juu ya nyeupe ndiyo usiseme.

Uliza mapema kioo cha ukumbini ni kipana au cha mraba, na beba nakala ya PDF kwenye flashi, kwa sababu kompyuta ya watu ikikosa aina ya herufi uliyotumia, maneno yatahama kama yamefukuzwa na mwenye nyumba. Kisha mfundishe mteja kubonyeza B wakati wa kuonyesha: kioo kinakuwa cheusi na macho yote yanamrudia yeye. Mabosi wanaipenda hiyo, acha tu!

Sasa mshiko. Andikianeni idadi ya marekebisho. Mimi natoa mawili, la tatu lina bei yake. Chukua nusu mwanzoni kama kishika uchumba. Kuna kampuni moja, jina naliacha, ilinibadilishia rangi ya bluu mara tisa, kisha ikasema mkutano umeahirishwa. Na pesa ikaahirishwa nayo.

Halafu usitoze kwa slaidi. Wengi tunaanza hivyo, lakini fanya hesabu: ukishusha 60 zikawa 14 umekula mshahara wako mwenyewe, kwa hiyo utashawishika kuziacha zijae. Toza kwa kazi nzima. Juzi mteja mmoja aliziona zake 14 akaguna, "Mdogo wangu, mbona peupe hivi? Nyingine umezipeleka wapi?" Nikamwambia, "Bosi, zile nyingine utazisema kwa mdomo." Alilipa, ila kwa kununa.