Mwacheni Mgonjwa Atembee

Ipo desturi moja hapa Kivu ambayo imepewa heshima hata hakuna anayethubutu kuihoji. Mzee akishaambiwa hospitalini kwamba ana sukari au presha, nyumba nzima humwondolea kazi. Jembe huwekwa pembeni, kiti cha plastiki hutolewa barazani, na tangu siku hiyo maji ya kunawa, chakula na hata redio humfuata pale alipo. Akijaribu kuinuka, watoto humpigia kelele: "Baba, kaa, utachoka!" Tunayaita hayo mapenzi. Mimi nasema tunamwua mzee wetu kwa adabu.

Nawaambia watu wa Lwiro kwanza, kwa kuwa Lwiro ina habari yake katika jambo hili. Wengi wanapajua kwa yale majengo ya kituo cha utafiti yaliyojengwa zama za Wabelgiji, na kwa sokwe yatima wanaotunzwa hapo. Lakini ipo pia hospitali ya watoto, iliyopokea watoto wa Kivu wenye utapiamlo miaka na miaka. Watafiti waliwatafuta watu waliotibiwa hapo utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007, sasa wakiwa watu wazima, wakawalinganisha na wenzao wa vijiji hivyo hivyo ambao hawakuugua. Wale walioshinda njaa ya utotoni wakaonekana kuelemewa zaidi na mafuta ya tumboni, pamoja na dalili zile zinazotangulia sukari na maradhi ya moyo. Basi kauli ya kwamba sukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini tuiache. Mwili ulionyimwa chakula mapema hubaki na deni, na mwenye mwili huo ndiye asiyefaa kabisa kuketishwa.

Mnauliza, kutembea kutamfaa nini mgonjwa? Msuli ukifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa imelegea, na faida hiyo huendelea saa nyingi baada ya mtu kupumzika. Presha nayo hushuka kwa anayezoea. Goti linaloumwa na baridi yabisi hupata nafuu misuli ya paja inapopata nguvu, wakati kukaa tu huzidi kulikakamaza. Huko Marekani, mwaka 2002, yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu waliokuwa ukingoni mwa kupata sukari. Waliobadili ulaji na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, kidonge kile kile tunachokijua hapa, asilimia 31. Sisemi mtu atupe dawa zake. Nasema miguu nayo ni dawa, na haihitaji kusubiri lori litoke Bukavu.

Hapo mtu atanijibu: mwandishi huyu hajui vilima vyetu. Mwanamke wa Kabare hupanda na mzigo mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso, shingo imesimama kama nguzo. Mazoezi gani tena? Kweli kabisa, na huyo simhubirii. Anachohitaji yeye ni kupunguziwa mzigo, maana kubeba mpaka mgongo ukatike ni mateso, hata tukiyaita kazi. Namsema mumewe. Namsema karani, mwalimu, mwenye duka pale Kavumu, na kijana wa moto anayekaa juu ya pikipiki kutwa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha habari za mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliokaa kutwa walipatwa zaidi na maradhi ya moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Basi ni lile lile, mji ule ule.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka hata wenye maradhi sugu wafikishe dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Mgonjwa asiogope hesabu hiyo. Aanze na dakika tano, aongeze kidogo kidogo. Mwendo uwe ule unaomruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Mwanakwaya ataelewa upesi. Siku ambazo njia hazina usalama, na tunazijua, azunguke uani. Kile kiti cha plastiki nacho kina kazi: akikalie, ainuke bila kujisukuma kwa mikono, akae tena, mara kumi, apumzike, arudie.

Kuna ya kuangalia. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asitoke na tumbo tupu, na awe na kitu kitamu mfukoni. Avae viatu vilivyofunika vidole, na jioni akague nyayo, kwa kuwa mguu wa mwenye sukari huweza kujeruhiwa usihisi. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au homa, asimame, aende kituo cha afya. Na kabla ya yote amuulize muuguzi.

Nanyi wauguzi wa Lwiro, Katana na Kavumu, ombi langu ni dogo. Mnapomwandikia mgonjwa vidonge vya asubuhi na jioni, mwandikieni na dakika za kutembea kwenye karatasi hiyo hiyo, kisha someni kwa sauti mbele ya watoto wake.