Digrii Kwanza au Macho Kwanza?

Bosi mwenzangu, hivi ukipokea barua ya maombi ya mtu asiye na digrii, unaisoma au unaiweka pembeni? Jibu nalijua. Kabla hujaiweka, hebu shuka nami kutoka Kasulu hadi ziwani, Gombe.

Mwaka 1960 Louis Leakey, mkuu wa makumbusho kule Nairobi, alimtuma pale Jane Goodall, dada wa miaka 26 mwenye kozi ya ukatibu muhtasi tu. Leakey alitaka mtu mwenye subira, ambaye kichwa chake hakijajazwa nadharia. Miezi michache baadaye dada huyo akamwona sokwe mtu akivua mchwa kwa bua la nyasi, ufundi ambao wasomi waliuhesabu wa binadamu peke yake. Udaktari wa Cambridge ulifuata baadaye.

Ila kinachonikuna mimi zaidi ni timu. Mwaka 1968 aliajiriwa Hilali Matama, na wenzake wa vijiji vya jirani wakafuata. Walifundishwa kuwafuatilia sokwe na kuandika kumbukumbu, tena kwa Kiswahili. Mei 1975 waasi kutoka Zaire wakateka wanafunzi wanne, watafiti wa kigeni wakaondoka. Kazi ikafa? Wapi! Wanakijiji wale waliendelea kuandika, na utafiti upo mpaka leo.

Ziangalie hizo tarehe, bosi. Matama alikabidhiwa kalamu miaka saba kabla ya balaa. Na yule mhudumu wako anayewajua wateja wote kwa majina, umeshamkabidhi nini zaidi ya birika la chai?