Inadaiwa na Nani?

Naomba tulijadili neno moja ambalo sisi washairi hatuna budi kulitazama kwa jicho kali: "inadaiwa."

Mwaka 2004, Ndesanjo Macha alipoanzisha Jikomboe, blogu ya mwanzo ya Kiswahili, magazeti ndiyo yaliyoamua lipi ni habari na lipi si habari. Leo mambo yamegeuka. Mwanablogu wa siasa huandika usiku, na asubuhi mhariri hujikuta akilifuata jambo ambalo jana hakulijua, au alilijua asithubutu kuligusa. Sioni haya kukiri kwamba ujasiri huo umetufaa. Serikali ya Tanzania nayo iliitambua nguvu hiyo: kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wakate leseni, kwa ada zilizozidi jumla ya shilingi milioni mbili.

Wala raia kusema gazetini si jambo geni kwetu. Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na wasomaji wa Tanganyika wakalipelekea mashairi yao, wakatungiana na kujibizana. Mshairi alitia jina lake chini ya beti zake. Aliyesema alijulikana, na aliyepinga alijua anampinga nani.

Kinachonisumbua ni mlango ambao tetesi huupitia kuingia gazetini. Hivi karibuni nilisoma katika blogu moja kwamba kiongozi fulani amejiuzulu. Kesho yake gazeti ninalolinunua kila siku likaichapa habari ile ile, karibu kwa maneno yale yale, ila liliongeza neno moja mwanzoni: "Inadaiwa." Siku ya tatu kiongozi huyo alionekana akiongoza kikao. Blogu ikaifuta habari yake kimya kimya. Gazeti nalo likanyamaza, kana kwamba neno lile moja lilikwisha kulitakasa.

Tuitazame sarufi yake. Penye kudai pana mdai. Kauli ya kutendwa humficha, lakini mwandishi mwaminifu aweza kumrudisha: "inadaiwa na fulani." "Inasemekana" ni baya zaidi, kwani halimwachii mtenda hata nafasi, hatusemi "inasemekana na fulani." Huo ni usemi usio na msemaji. Kwa maneno haya mawili gazeti huiazima habari ya blogu bila kuibeba dhamana yake.

Simwombi mhariri azipuuze blogu. Naomba aige ushupavu wao, asiige pupa yao. Apige simu, aulize, kisha aandike ni nani aliyesema na amejuaje. Asipompata msemaji, aiweke kalamu chini hadi ampate.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kumhukumu, maana kudai ni kushikilia neno, na kudai ni kutaka kulipwa. Kila anapoandika "inadaiwa," mhariri ndiye anayedaiwa: msomaji anamdai jina.