Akili haina ukoo

Wahenga walisema: mtoto wa nyoka ni nyoka. Neno hilo twalisikia tena kila mwaka, matokeo ya chuo kikuu yanapobandikwa ukutani. Mtoto wa daktari amefaulu, watu husema: «Ndiyo damu yao.» Mtoto wa mlimaji ameanguka, wasema: «Tulijua, ukoo ule hauna kichwa.» Wengine huongeza neno baya zaidi: eti shangazi mzee amemfunga kijana akili, na feza zilizobaki zaenda kumtafuta mchawi. Sisi twasema wazi: huo ni uwongo, nao waharibu watoto wetu.

Tukumbuke habari za nchi yetu. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Basi madaktari na wanasheria wetu wa kwanza walizaliwa na nani? Walizaliwa na walimaji, makarani, wafanyakazi wa reli na walimu wa vijijini. Kama elimu ingalikuwa katika damu, watu hao wangalitoka wapi?

Lakini tusidanganyike kwamba malezi si kitu. Wengi wa hao wa kwanza walipita katika shule za misioni zenye mabweni. Huko walipata taa, chakula, saa ya kusoma, na Kifaransa tangu asubuhi hata jioni. Bweni liliwapa kile ambacho nyumba ya baba haikuweza kuwapa. Kijana asiyekipata nyumbani wala bwenini, atakipata wapi?

Hata katika nchi tajiri mambo ni hayo. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, walitoa kitabu juu ya wanafunzi wa kwao. Walionyesha kwamba mtoto wa mkubwa wa kazi alikuwa na bahati ya kuingia chuo kikuu mara 80 kuliko mtoto wa kibarua wa shamba. Je, Mungu aligawa akili kwa upendeleo namna hiyo? Hasha! Walieleza kwamba shule hudai mambo isiyoyafundisha: namna ya kusema, mazoea ya vitabu, ujasiri wa kuuliza. Aliyeyapata nyumbani huitwa mwenye kipaji. Asiyeyapata huitwa mjinga.

Kwetu mzigo huo ni mara mbili, kwani chuo kikuu hufundisha kwa Kifaransa. Watazameni vijana wawili wa mwaka wa kwanza. Mmoja amesikia lugha hiyo mezani tangu utoto, na baba yake amemwonyesha jinsi ya kuandika huku profesa akisema. Mwenzake ametoka kijijini, akaa kwa mjomba: alfajiri achota maji, jioni auza makala, usiku watu wanane chumbani na taa moja. Profesa amefika neno la kumi, yeye angali akitafuta maana ya neno la kwanza. Siku ya mtihani wapewa karatasi moja, nasi twasema wameshindana sawasawa!

Na binti je? Sophie Kanza alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu, mwaka 1964; mwaka 1966 akawa waziri. Kaka yake Thomas alikuwa amemtangulia kusoma Louvain, Ubelgiji. Sifa ni yake mwenyewe, hatumwondolei. Lakini alikuta njia imekwisha kufyekwa. Binti wa mlimaji mwenye akili kama yake, aliyerudishwa nyumbani kulea wadogo zake, nani ajua jina lake?

Wazazi wengi hutujibu: «Sisi hatukusoma, tutamsaidiaje?» Ndugu, hukusoma, lakini waweza kumpa mwanao saa mbili bila kumtuma sokoni. Waweza kumwuliza: leo umefundishwa nini? Hata usipoelewa jibu, yeye ataelewa kwamba masomo yake yana thamani machoni pako. Mwingine asema hana feza. Ni kweli, mzigo ni mzito: tangu mwaka 2019 Serikali imefuta malipo ya shule za msingi za umma, lakini chuo kikuu chabaki shingoni mwa mzazi. Lakini mbona kwa matanga twachanga kwa siku moja, na kwa kijana wa chuo kikuu kila mmoja atazama chini?

Nanyi walimu, kabla ya kumwita kijana mvivu, mwulizeni asomea wapi usiku. Nasi wa parokia tusijitoe. Ukumbi wetu hukaa mtupu jioni nyingi: tuweke humo meza na taa. Waliomaliza chuo kikuu waje mara moja kwa juma, wawafundishe wanaoanza, wasichana pamoja na wavulana. Ndivyo mtoto asiye na kaka wa kumtangulia atakavyompata.

Mwaka ujao matokeo yatabandikwa tena. Tutakapoona jina la mtoto wa jirani halimo, tusiulize ni wa ukoo gani. Tujiulize: sisi tulimpa nini?